Tusogeze taa kwanza kabla ya kununua taa kubwa zaidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu wazazi fedha nyingi na kuwachosha wanafunzi macho, nalo ni namna tunavyoweka taa katika vyumba ambamo watoto wetu wanasoma usiku. Mwanga wa taa hupungua kwa kasi kubwa kadiri tunavyokaa mbali nayo, kasi ambayo wengi wetu hatuidhanii, na kwa kuwa hatuidhanii tunaongeza ukubwa wa taa mahali ambapo ingetosha kuisogeza. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sasa nimestaafu, lakini kila ninapoingia katika ukumbi wa prepo wa shule ya bweni, au katika sebule ya nyumba iliyofungwa sola hivi karibuni, naikuta taa imening'inizwa juu kabisa kwenye kenchi, na chini yake mtoto amekunja mgongo, ameliinamia daftari, akitafuta mwanga ambao umekwisha kutawanyika kabla haujamfikia.

Kilichonisukuma kuandika ni mchango ulioitishwa na kamati ya wazazi ya shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja, kwa ajili ya kununua taa zenye nguvu zaidi pamoja na betri kubwa za kuziendesha. Sina shaka na nia njema ya kamati hiyo. Ukumbi ule una giza kweli, na wanafunzi wa kidato cha nne wanaojiandaa kwa mitihani wana haki ya kulalamika. Hata hivyo, fedha zilizoombwa zingeweza kufanya kazi nyingine za maana shuleni pale, wakati giza la ukumbini lingeondoka kwa sehemu kubwa kwa mita chache za waya na siku moja ya kazi ya fundi.

Nianze na kanuni yenyewe. Mwanga unaotoka katika chanzo kidogo husafiri pande zote kwa mistari iliyonyooka. Tuchukulie kuwa chanzo hicho kimezungukwa na tufe la kufikirika ambalo uso wake uko mita 1 kutoka katikati: mwanga wote unaotoka ni lazima upite katika uso huo. Sasa tuchukue tufe la pili ambalo uso wake uko mita 2 kutoka katikati. Mwanga unaopita hapo ni uleule, haukuongezeka wala haukupungua, lakini uso wa tufe la pili ni mara nne ya uso wa lile la kwanza, kwa kuwa eneo la uso wa tufe hukua kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Anayesukuma chapati analijua jambo hili kwa mikono: donge lilelile likisukumwa mpaka chapati iwe pana mara mbili, unene wake unabaki robo. Kwa hiyo umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaoangukia kila sentimita ya ukurasa unabaki robo. Ukizidi mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Ukizidi mara kumi, inabaki sehemu moja ya mia. Johannes Kepler aliieleza kanuni hii mwaka 1604, na tangu wakati huo imepimwa mara nyingi katika maabara za dunia nzima bila kubatilishwa.

Ni muhimu kuelewa kwamba mwanga huo haupotei njiani, wala hauchoki. Katika hewa safi ya chumba, karibu mwanga wote uliotoka kwenye taa bado upo unapofika ukutani. Tatizo ni kwamba umegawanywa juu ya eneo kubwa mno, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni bati, boriti, kuta na sakafu, vitu ambavyo havina mtihani wa kufanya.

Dukani kuna vipimo vitatu ambavyo muuzaji na mnunuzi huvichanganya. Wati ni kipimo cha umeme ambao taa inaula, na hakisemi lolote la uhakika kuhusu mwanga: balbu ya zamani ya nyuzi yenye wati 60 na taa ya LED yenye wati 9 hivi hutoa karibu mwanga sawa, yaani lumeni 800. Lumeni ndicho kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa kwa pande zote kwa jumla. Kipimo cha tatu, ambacho ndicho cha mwanafunzi lakini hakiandikwi kwenye boksi, ni laksi, nacho hueleza ni lumeni ngapi zinazoangukia kila mita moja ya mraba ya kitu kinachomulikwa. Mshumaa wa kawaida hutoa mwanga wa karibu kandela 1 (kandela ni kipimo cha nguvu ya mwanga kuelekea upande mmoja), ambao ukijumlishwa pande zote ni lumeni 12 na nusu hivi, na karatasi iliyosimama mita 1 kutoka kwenye mshumaa huo hupata laksi 1. Mwezi ukiwa mpevu na uko juu kabisa, mbalamwezi yake ni karibu robo laksi, sawasawa na mshumaa huohuo ukiwa mita 2 kutoka kwako. Jua la mchana lisilo na wingu huangusha laksi zipatazo 100,000.

Tukiwa na vipimo hivyo, turudi katika ukumbi wa prepo tupige hesabu. Taa ya LED yenye lumeni 800 imefungwa kwenye kenchi mita 3 kutoka sakafuni, na meza ya mwanafunzi ina kimo cha sentimita 75, kwa hiyo kati ya taa na daftari pana mita 2 na robo. Tukichukulia kwamba taa hiyo inamwaga mwanga sawasawa pande zote, mwanga wake katika umbali wa mita 1 ni laksi 64, na katika umbali wa mita 2 na robo ni laksi 13 hivi. Hizo ndizo anazopata mwanafunzi mwenye bahati ya kukaa chini ya taa yenyewe. Tukiishusha taa hiyohiyo kwa waya mpaka iwe mita 1 juu ya meza, anapata laksi 64, yaani mara tano. Ili kupata kiasi hicho hicho bila kuishusha, ingebidi tufunge taa tano za aina hiyo pale pale kwenye kenchi, zitumie umeme mara tano na zitake paneli na betri za kuzitosheleza usiku kucha. Mita moja na robo ya waya inafanya kazi ya taa nne za ziada. Kwa kulinganisha, viwango vya Ulaya vya mwaka 2011 vilitaka darasa la kawaida liwe na laksi 300 juu ya meza. Ukumbi wetu ungehitaji taa 24 juu ya mwanafunzi mmoja ili kufika hapo kwa umbali wa mita 2 na robo, lakini taa moja tu ya lumeni 800 ikiwekwa sentimita 46 kutoka kwenye daftari inazifikisha laksi hizo.

Hesabu hiyo inaeleza pia jambo ambalo wazazi wengi wananiuliza, kwamba inakuwaje kitaa kidogo cha sola, kile cha kubeba mkononi, kimridhishe mtoto kuliko taa kubwa ya sebuleni. Kitaa cha lumeni 100 kikiwekwa nusu mita kutoka kwenye kitabu hutoa laksi 32, na kikisogezwa mpaka sentimita 40 hutoa laksi 50. Kina sehemu moja ya nane tu ya mwanga wa taa ile ya kenchi, lakini kinamfikishia msomaji mara mbili na nusu, na kikisogezwa zaidi karibu mara nne, ya kile kinachomfikia kutoka juu. Hata wale waliosoma kwa kibatari, na katika kizazi changu tulikuwa wengi, walikuwa wanaitumia kanuni hii bila kufundishwa. Mwali mdogo wenye mwanga kama wa mshumaa, ukiwa sentimita 20 kutoka kwenye ukurasa ulioelekea kwake, hutoa laksi 25. Sisemi haya kukisifu kibatari, ambacho kimewaunguza watoto na kuwajaza moshi vifuani, na ninafurahi kuona kinaondoka majumbani. Ninachosema ni kwamba mtoto wa leo aliyepewa taa yenye mwanga mwingi zaidi ya kibatari mara sitini na kitu hapaswi kusomea katika laksi chache kuliko babu yake, na hali hiyo ipo, kwa sababu tu ya mahali tulipoifunga taa.

Lazima nieleze kwa nini watu makini, wakiwamo mafundi waliobobea, hawalioni jambo hili kwa macho. Jicho limeumbwa lisilione. Mboni hupanuka mwanga unapopungua, na utando wa ndani wa jicho unaopokea mwanga huongeza wepesi wake wa kuhisi, hivyo mtu yuleyule anaweza kutembea njiani kwa mbalamwezi na kulima kwenye jua la saa sita, hali mbili zinazotofautiana mara 400,000 hivi, bila kuhisi kwamba tofauti ni kubwa kiasi hicho. Mwanga ukishuka hadi robo, jicho hutoa taarifa kwamba umefifia kidogo. Anayeingia ukumbini, akakaa dakika kumi, atasema ukumbi una mwanga wa kutosha, na atakuwa anasema kweli kwa mtu anayetaka kutembea na kutambua sura za wenzake. Kusoma ni kazi nyingine. Uwezo wa jicho kupambanua vitu vidogo hushuka pamoja na mwanga, na mwanafunzi huanza kukosa nukta ya desimali, alama ya kutoa, au kipeo kidogo kilichoandikwa juu ya namba, huku akiamini kwamba anaona vizuri.

Kuna udanganyifu wa pili, na huu ni mgumu zaidi kuuelewa, kiasi kwamba wanafunzi wangu hodari walikuwa wanaubishia. Ukiitazama taa yenyewe ukiwa karibu, kisha ukaitazama ukiwa mbali, inaonekana kung'aa vilevile. Basi mtu hudhani kwamba mwanga wake nao unamfikia vilevile. Ukweli ni kwamba uso wa taa, kwa kila sehemu yake unayoiona, hung'aa sawa kwa umbali wowote, lakini sura yake machoni mwako hupungua: ukiwa mbali mara mbili, taa huonekana na upana nusu na kimo nusu, kwa hiyo inachukua robo ya nafasi iliyokuwa imechukua, na mwanga unaokufikia unabaki robo. Kanuni ni ileile, imetazamwa kutoka upande wa mpokeaji. Kwa hiyo ukitaka kuujua mwanga wa chumba usiitazame taa, utazame ukurasa.

Nisiwe kama nimeficha ugumu uliopo. Wapo watakaosema kwamba taa ikishushwa itamnufaisha aliye chini yake na kuwanyima walio pembeni, na hoja hiyo ina uzito. Kwa mwanafunzi aliyekaa mita 2 kando ya taa, mwanga haumfikii kwa umbali mkubwa tu bali pia unaiangukia meza yake kwa mshazari, na mwanga wa mshazari hutandazwa zaidi. Nimeipiga hesabu yake: taa ikiwa kwenye kenchi anapata laksi 5 na kidogo, na ikishushwa mpaka mita 1 juu ya meza anapata karibu 6, kwa hiyo hapotezi kitu. Aliye mita 3 kando ndiye anayepoteza, kutoka laksi 2.7 hadi 2, lakini kwa kweli hakuna kati ya namba hizo mbili inayomfaa mtu kusomea. Jawabu lake si kuirudisha taa juu. Jawabu ni kwamba badala ya taa moja kubwa katikati ya ukumbi, zifungwe taa ndogo kadhaa, kila moja juu ya kundi la meza, kwa jumla ya lumeni zilezile na umeme uleule. Taa ya lumeni 800 ikibadilishwa kwa taa nne za lumeni 200, kila moja ikiwa nusu ya umbali wa awali kutoka kwenye meza zake, kila kundi linapata mwanga uleule ambao awali aliupata mmoja tu aliyekaa katikati.

Taa ya chini pia humpiga mtu machoni, na jicho lililopigwa na mwanga mkali hujifunga na kuona kidogo, kwa hiyo taa iliyoshushwa lazima iwe na kifuniko kinachouelekeza mwanga chini. Kifuniko hicho kinaweza kuwa bati jeupe lililokunjwa na fundi wa mtaani, ilimradi lisiguse taa na liache joto litoke. Faida yake ni mbili, kwa sababu mwanga uliokuwa unakwenda kwenye paa nao unarudishwa mezani. Taa ishuke juu ya meza na si juu ya njia, la sivyo itagonga vichwa vya watu. Na kuta zipakwe chokaa, maana ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupokea, wakati ukuta wa tofali tupu au wa udongo huumeza. Katika chumba kilichopakwa chokaa chote, mwanga haupungui kwa ukali kama hesabu yangu inavyoonyesha, kwa sababu kuta zenyewe zimegeuka kuwa vyanzo vidogo vya mwanga.

Ieleweke pia kwamba kanuni hii ni ya chanzo kidogo kikilinganishwa na umbali. Mafundi wa vipimo vya mwanga huihesabu taa kuwa kama nukta iwapo umbali ni angalau mara tano ya upana wake. Taa ya tyubu yenye urefu wa sentimita 120 ingehitaji umbali wa mita 6 ili iitii kanuni barabara. Ukiwa karibu nayo mwanga wake hupungua polepole zaidi, kiasi cha nusu kwa kila umbali unaozidi mara mbili. Tochi yenye kioo cha kukusanya mwanga nayo hupeleka mwanga mbali bila kuutawanya haraka. Na taa nyingi za LED humwaga mwanga mwingi zaidi upande wa mbele, hivyo namba halisi chini yake zitakuwa kubwa kuliko hizi zangu. Uwiano kati ya taa ya juu na taa iliyoshushwa haubadiliki kwa sababu hiyo, na uwiano ndio ninaouzungumzia.

Uwiano huo huo unaeleza kwa nini jua halionyeshi tabia hii mbele yetu. Anayepanda juu ya paa hapati jua kali zaidi, kwa kuwa mita chache si kitu mbele ya kilomita milioni 150. Hata dunia inapokuwa mbali zaidi na jua mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152, na inapokuwa karibu zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, umbali hutofautiana kwa asilimia 3 na kidogo tu, na mwanga kwa asilimia 7 hivi. Niliwahi kusikia mara nyingi darasani kwamba baridi ya Juni na Julai ya Njombe na Makete inatokana na jua kuwa mbali. Sivyo, na ushahidi ni kwamba miezi hiyohiyo Ulaya wako katika joto. Baridi ile inatokana na mhimili wa dunia ulioinama, unaolifanya jua lielemee kaskazini, na mwinuko wa nchi yenyewe.

Nawaomba sasa walimu wenzangu wanisikilize, kwa maana kanuni hii hufundishwa ubaoni kwa herufi na alama, ikakaririwa, ikajibiwa kwenye mtihani, na mwanafunzi aliyeijibu vizuri akarudi kusomea chini ya taa ya kenchi bila kuona uhusiano wowote. Kukosa maabara si sababu. Pierre Bouguer, Mfaransa aliyechapisha kazi yake mwaka 1729, hakuwa na kifaa chochote cha umeme. Alikuwa na mishumaa, na alikuwa ametambua jambo moja la busara sana: jicho haliwezi kusema kwamba mwanga huu ni mara ngapi ya ule, lakini linaweza kusema kwa uhakika kwamba nyuso mbili zilizo jirani zimemulikwa sawa. Basi alisogeza mishumaa mpaka nyuso zikalingana, akapima umbali kwa rula, akaiachia hesabu ya mraba kazi iliyobaki. Kwa njia hiyo alililinganisha jua na mshumaa, kisha mwezi na mshumaa, akapata kwamba jua lina mwanga mara 300,000 ya mwezi mpevu. Vipimo vya leo vinasema ni mara 400,000 hivi. Kwa mtu mwenye mishumaa na macho yake tu, kuukaribia ukweli kiasi hicho ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa fizikia anastahili kusimuliwa.

Katika karne ya 19 Robert Bunsen, ambaye wanafunzi wanalijua jina lake kwa kile kichomeo cha gesi cha maabara, aliirahisisha njia hiyo kwa karatasi na tone la mafuta, na zana hiyo inaweza kutengenezwa katika shule yoyote kwa dakika tano. Chukua karatasi nyeupe, dondoshea tone moja la mafuta ya kupikia katikati, lifute mpaka libaki doa linalopitisha mwanga. Doa hilo likimulikwa kutoka nyuma huonekana jeupe kuliko karatasi inayolizunguka, na likimulikwa kutoka mbele huonekana jeusi. Usiku, au katika chumba kilichofungwa madirisha, weka mshumaa mmoja upande mmoja wa rula ya mita 1, na mishumaa minne iliyobanwa pamoja upande wa pili, kisha simamisha karatasi katikati yake na uisogeze taratibu. Patakuwa na mahali ambapo doa linatoweka, kwa sababu pande zote mbili zinapokea mwanga sawa. Mahali hapo ni sentimita 33 kutoka kwenye mshumaa mmoja na 67 kutoka kwenye ile minne: umbali mara mbili, mwanga mara nne. Kwa mishumaa tisa, ni sentimita 25 kwa 75. Doa halitoweki mahali palepale hasa ukilitazama kutoka pande mbili tofauti, kwa hiyo chukueni vipimo viwili na mtafute wastani wake.

Baada ya hapo mwanafunzi anaweza kuipima taa yoyote ya nyumbani kwao. Doa likitoweka sentimita 20 kutoka kwenye mshumaa na 80 kutoka kwenye taa, umbali wa taa ni mara nne, basi taa ile upande huo ina nguvu ya mishumaa 16. Mshumaa una rangi ya manjano na LED inaelekea bluu, jambo linalofanya kulinganisha kuwe kugumu kidogo, na mjadala utakaotokea darasani kuhusu ugumu huo ni somo lenyewe. Simu nyingi za kisasa pia zina kihisi cha mwanga na programu za bure za kupimia laksi. Namba zake zisiaminiwe moja kwa moja, lakini kwa kulinganisha umbali mmoja na mwingine zinafaa, na mzazi anaweza kuiweka simu juu ya daftari la mtoto wake usiku wa leo.

Kwa mafundi wanaofunga sola vijijini, ombi langu ni dogo. Kabla ya kupanda ngazi mumuulize mwenye nyumba watoto wanasomea wapi, na hapo taa moja ishuke. Taa ya kuona njia sebuleni inaweza kubaki juu. Kwa halmashauri zinazoweka taa za barabarani, hesabu ni ileile ingawa lengo ni tofauti: mlingoti wa mita 8 huangusha chini yake robo ya mwanga ambao taa hiyohiyo ingeuangusha kutoka mita 4, na faida yake ni kuutandaza, kwa hiyo mlingoti mrefu unataka taa kubwa, na mlingoti mfupi unataka wenzake wawe karibu. Kuchukua taa ndogo na kuiweka juu ya mlingoti mrefu ni kupoteza vyote viwili.

Na kwa Shirika la Viwango Tanzania, napendekeza kwa heshima kwamba taa zinazouzwa kwa ajili ya kusomea ziandikwe kwenye boksi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, mambo mawili: lumeni zote zinazotoka, na laksi zinazopatikana mita 1 chini ya taa. Madukani nimeona maboksi yenye wati kubwa kubwa zilizopigwa chapa ya kuvutia, na hakuna namba hata moja inayomwambia mzazi ni mwanga kiasi gani utakaolifikia daftari. Kipimo cha mita 1 kinatosha kwa kila nyumba, kwa sababu anayejua laksi za mita 1 atazigawanya kwa 4 ikiwa taa yake itakaa mita 2 juu ya meza, atazigawanya kwa 9 ikiwa itakaa mita 3, na atazizidisha kwa 4 ikiwa ataishusha mpaka nusu mita.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Morogoro